Kirusi kimeondoka, mbona mtoto hajarudi? Uzi kuhusu kinga ya mwili na ubongo

FundiDarubini (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka. Nimetoka zamu ya usiku, ziwa limetulia, na usingizi umekataa kuja. Kuna swali niliulizwa na mama mmoja wa Igombe, hapa Mwanza, muuza dagaa, na hii ni wiki ya tatu natembea nalo. Pale dirishani nilimjibu kwa haraka, nikaona usoni kwake kwamba jibu halikumfikia. Ngoja nilijibu hapa kwa nafasi, maana najua hayuko peke yake.

Mimi ni mtu wa maabara. Miaka 19 kazi yangu ni darubini. Si daktari, ingawa huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe anaitwa dokta.

Mtoto wake ana miaka 7. Homa ilianza Jumatatu, kichwa kikauma, akatapika. Akapewa dawa ya malaria ya dukani. Jumatano akawa anaongea maneno yasiyo na mpangilio, anamwita mama yake jina la shangazi, na jioni degedege likamshika. Nyumbani ukazuka ubishi. Wengine wanasema malaria imepanda kichwani, wengine wanataka apelekwe kwa mganga. Siku mbili zikaishia hapo. Alipofikishwa hospitali, kipimo cha malaria kikasoma hana. Daktari akataka yachukuliwe maji ya uti wa mgongo, baba akakataa katakata, kwa sababu alishasikia kwamba anayechomwa sindano ya mgongo hupooza. Nusu siku nyingine ikaenda kumbembeleza.

Niliseme hili kabla sijaendelea kwa sababu linaniuma. Sindano ile inachomwa chini kiunoni, mahali ambapo uti wa mgongo wenyewe umeshaishia juu. Pale zimebaki nyuzi za neva zinazoelea ndani ya maji, na sindano ikipita zinasogea. Mara nyingi inalaumiwa sindano wakati ugonjwa ulikuwa umeshafanya kazi yake zamani. Jamani, mkiombwa ruhusa, toeni.

Kichupa kilipofika mezani kwangu kilikuwa na maji angavu kabisa. Ukikishika mbele ya gazeti unasoma herufi. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria mara nyingi huleta maji yaliyovurugika, kama yale ya kuoshea mchele. Haya yalikuwa safi, na asiyejua angesema hayana kitu. Nikaweka tone kwenye kioo cha kuhesabia, nikashusha lenzi. Kwa kawaida chembe nyeupe hazizidi 5 kwenye mikrolita moja ya maji hayo. Nikahesabu mraba kwa mraba, nikafika 140. Karibu zote limfosaiti, aina ya chembe nyeupe inayopambana na virusi: duara dogo, kiini cheusi kimejaa mpaka ukingoni. Sukari iko sawa. Bakteria hakuna. Picha hiyo inamfanya mtu awaze virusi kwanza. Daktari hakusubiri, akaanza asaikloviri, kwa sababu kirusi cha hepesi kikiingia ubongoni bila dawa huua wagonjwa kama 70 katika kila 100, na ndicho kirusi cha ubongo tulicho na dawa yake ya uhakika.

Mtoto akatoka hai. Homa ikaisha, degedege likakoma, wakaruhusiwa. Siku ya kurudi kliniki mama akanikuta dirishani.

"Dokta, mmesema mdudu ameisha. Mbona mwanangu hajarudi?"

Kabla ya kuugua, huyu mtoto alikuwa akimsaidia kupanga dagaa mafungu na kurudisha chenji. Sasa akipita kumi anapotea. Anatumwa kidumu kwa jirani, anafika mlangoni anasimama tu, hajui amefuata nini.

Wakuu, zile chembe 140 nilizohesabu, hakuna hata moja iliyokuwa kirusi. Kirusi hakionekani kwa darubini yangu, ni kidogo mno. Zote zilikuwa za mtoto mwenyewe. Jibu la mama yule linaanzia hapo.

FundiDarubini

Naendelea.

Waliokulia Usukumani wanaujua mwano. Mwizi wa ng'ombe akiingia kaya moja, mwenye kaya anapiga yowe, kaya ya pili inalipokea, ya tatu inalipokea, milango inafungwa, na sungusungu wanatoka na mishale. Mwili nao una mwano wake. Seli iliyoingiliwa na kirusi inatoa kemikali iitwayo interferoni, ambayo Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliigundua London mwaka 1957. Interferoni yenyewe haimshiki mwizi. Inawafikia majirani, nao wanafunga: wanasimamisha ile mitambo ya ndani ambayo kirusi kingeitumia kujizalisha. Hizo ni saa za kwanza. Baada ya siku kadhaa ndipo wanafika wenye mishale, seli T, ambazo kazi yao ni kuitafuta seli yenye kirusi na kuiua pamoja na kilichomo.

Kwingine mwilini hiyo ni hesabu nzuri. Ini huota upya, utando wa utumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache. Lakini neva za ubongo wako, karibu zote ulizaliwa nazo, na ikifa moja haiji nyingine kukaa mahali pake. Mwizi akijificha kwenye nyumba ya nyasi unaweza kuichoma ukajenga nyingine. Hapa nyingine haijengwi. Tena ubongo umefungiwa ndani ya fuvu. Goti likivimba linapata pa kuvimbia, ubongo hauna pa kwenda, unajibana wenyewe.

Jambo hili lilionekana wazi kwa panya. Mjini Canberra, Australia, mwaka 1973, Peter Doherty, ambaye kwa elimu ni daktari wa mifugo, na Rolf Zinkernagel wa Uswisi walikuwa wakichunguza kirusi cha panya kiitwacho LCMV. Panya mzima akichomwa kirusi hicho kichwani anakufa, ikichukua kama wiki moja. Panya aliyenyimwa seli T akichomwa kirusi kile kile, anaishi, na kirusi kimemjaa ubongoni. Maana yake kirusi hicho chenyewe hakiiui neva. Kinachomuua panya ni jeshi lake mwenyewe linalokuja kukifukuza. Doherty alikuwa na mkono wa kuvuta maji ya ubongo na mgongo wa panya, na mimi ninayejua ilivyo kazi kuyapata hata kwa mtoto mchanga, namvulia kofia. Kazi hiyo ndiyo iliyowafikisha wawili hao kugundua namna seli T inavyoitambua seli iliyoambukizwa: ni lazima ione kipande cha kirusi kikiwa kimeshikwa na alama ya mwili wenyewe. Ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobeli mwaka 1996, na ulianzia kwenye kichupa cha maji kama kile nilichoshika mimi.

Msione kwamba mwili haujui hatari hii. Umejiwekea breki nyingi. Mishipa midogo ya damu ya ubongo, seli za kuta zake zimeshonana kiasi kwamba vitu vingi vinavyopita kirahisi kwenda kwenye misuli, huko havipiti. Ndani kuna walinzi wa kudumu, maikroglia, waliopewa jina hilo na Pío del Río-Hortega wa Hispania mwaka 1919. Na kuna njia ya kukitoa kirusi bila kuvunja nyumba. Hii naipenda kuliko zote. Mwaka 1991 kundi la Diane Griffin kule Baltimore, Marekani, lilichukua panya wasio na kinga ambao neva zao zilikuwa na kirusi cha Sindbis, likawapa kingamwili peke yake, yaani zile protini ambazo mwili hutengeneza kumshika mdudu fulani, bila seli za kuua. Kirusi kikanyamaza, neva zikabaki hai. Kingamwili inakishika kirusi kwenye ngozi ya neva, na neva yenyewe inapokea ishara ya kukizima ndani. Mwizi anatolewa kwa mazungumzo, nyumba inabaki imesimama.

Kwa hiyo kinga ikifika mapema na ikiwa na kingamwili tayari, inamaliza kazi kwa upole. Ikifika imechelewa, kirusi kimeshasambaa, inapigana nyumba kwa nyumba. Ndiyo maana zile siku mbili za ubishi na ile nusu siku ya sindano nazihesabu kama sehemu ya ugonjwa.

FundiDarubini

Sasa nije kwenye kile ambacho hasa mama aliuliza, na kinaanzia ng'ambo ya ziwa letu.

Entebbe mwaka 1936 kilifunguliwa kituo cha kuchunguza homa ya manjano, ndicho leo kinachoitwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Mwaka 1937 watafiti wake walichukua damu ya mwanamke mmoja wa wilaya ya West Nile, kaskazini mwa Uganda. Alikuwa na homa tu. Wakaichoma kwenye ubongo wa panya, wakapata kirusi kipya kinachopenda neva, kikapewa jina la wilaya ile. Miaka 10 baadaye, msitu wa Zika, kando ya ziwa hili hili, ukatoa kirusi kingine kwa tumbili aliyewekwa juu ya mti kama chambo cha mbu. Hicho nacho dunia ilikuja kukijua kwa watoto wa Brazili waliozaliwa na vichwa vidogo mwaka 2015. Watu wa pwani ya ziwa tunapaswa kuijua historia hii kwa moyo.

Kirusi cha West Nile huenezwa na mbu. Kati ya watu 10 wanaoambukizwa, 8 hivi hawajisikii chochote. Chini ya mmoja katika 100 ndiye kinamfika ubongoni. Mwaka 1999 kilitokea New York, na kuanzia hapo Wamarekani wakaanza kuona kitu kile kile alichokiona mama wa Igombe: mtu amepona, kirusi hakipo tena, lakini kumbukumbu imekatika.

Mwaka 2016 kundi la Robyn Klein wa chuo kikuu kimoja cha St. Louis likatoa jibu kwa panya. Walichukua panya waliopona kirusi hicho, wakawaweka kwenye meza yenye matundu ambayo moja tu ni la kutorokea. Panya mzima analikariri kwa siku chache. Waliopona walishindwa. Ubongo ulipotazamwa, sehemu ya kumbukumbu iitwayo hipokampasi, neva zilikuwapo. Vilivyopungua ni viungio, pale neva moja inapopokezana habari na nyingine. Protini za kinga ziitwazo komplimenti zilikuwa zimevibandika alama, na maikroglia, wale walinzi wa ndani, wakavila. Ni kazi ambayo walinzi hao huifanya kwa haki mtoto anapokua, wanapogoa viungio visivyotumika. Baada ya vita wakawa wanapogoa vinavyotumika.

Kwa mama wa Igombe ningesema hivi: kijiji kipo, kaya zipo, moto unawaka kila jiko. Vijia vya miguu kati ya kaya ndivyo vimefutika. Mtoto anajua kidumu ni nini, anamjua jirani, njia ya kutoka neno moja kwenda jingine ndiyo imeota nyasi. Kirusi gani hasa kilimwingia hatukukijua, na siwezi kusema ndani ya kichwa chake yalitokea haya haya ya panya. Ila swali lake si la ajabu na si laana ya mtu. Na kijia huchongwa upya kwa kupitwa. Ubongo wa mtoto unaendelea kutengeneza viungio, kwa hiyo hesabu za dagaa asiachishwe, aanze tena na fungu moja.

Karibuni kwa maswali. Nalala kwanza.

BintiSengerema

Mkuu, asante. Naomba kuuliza. Pale stendi wanauza unga wa kuongeza kinga, wanasema ukinywa virusi havikusogelei. Kwa maelezo yako mtoto huyu kinga yake ilikuwa ndogo au kubwa?

FundiDarubini

Dada yangu, swali zuri sana. Kinga haipimwi kwa debe. Kumbuka panya wa Canberra: mwenye kinga kamili ndiye aliyekufa.

Chukua hepesi ya ubongo. Kirusi chake ni kile kile kinachotoa malengelenge mdomoni, watu wazima wengi wanacho. Kwa nini mtoto mmoja kati ya maelfu mengi kinampanda ubongoni, na ni mtoto aliyekuwa anakula vizuri, hana VVU, haugui ovyo? Mwaka 2007 kundi la Jean-Laurent Casanova wa Paris lilionyesha kwa watoto wa Ufaransa kwamba kasoro ya jeni moja, TLR3, inatosha. Jeni hiyo ndiyo inayoisikia harufu ya kirusi ndani ya seli za ubongo na kuamsha mwano. Kinga nyingine yote iko sawa. Mafua anapambana nayo, surua anapambana nayo, ni mlango huo mmoja tu hauna wa kupiga yowe. Unga gani utaijua jeni hiyo?

Na kwa West Nile, utafiti wa mwaka 2023 ulikuta kwamba karibu wagonjwa 40 katika kila 100 ambao ubongo wao ulishambuliwa walikuwa na kingamwili zinazoikamata interferoni yao wenyewe. Mwili umetengeneza silaha ya kuuziba mdomo wake. Hao hawakukosa kinga, kinga yao ilipotea njia.

Hela ya unga nunua chandarua na samaki.

NesiWaZamu

Nikazie jambo moja kutoka wodini. Mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji wala kumpa dawa ya kunywa. Kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kipimo cha malaria kikisoma hana, msiseme kimekosea mkarudi nyumbani. Ulizeni: kama si malaria, ni nini?

KijanaBuzuruga

Wakuu samahani naingilia. Jana jioni mdogo wangu wa miaka 11 kaumwa na mbwa asiye na mwenyewe hapa Buzuruga. Ni kijidonda kidogo tu kifundoni, damu ilitoka kidogo ikakata. Bibi kapaka mafuta ya taa na kumfunga kitambaa. Hana homa, anacheza. Hii ya virusi vya ubongo inamhusu?

FundiDarubini

Mdogo wangu, nimeamka nimekuta ujumbe wako, fanya kabla hujamaliza kusoma. Fungua kitambaa. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili ukitazama saa, hata kama ni cha jana. Kisha mchukue nenda naye hospitali sasa hivi mkaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama ngozi imetoboka, ulizia pia ile sindano ya kingamwili inayochomwa kwenye kidonda chenyewe.

Sasa nikueleze kwa nini nakukimbiza na mtoto anacheza.

Kichaa cha mbwa ni kinyume cha yote niliyoandika juu. Virusi vingine vinaingia kwa kelele. Hiki kinaingia kwenye ncha ya neva pale kidondani na kupanda nayo taratibu kuelekea ubongoni, ndani kwa ndani, damu haina habari. Kina protini inayoziba mwano, interferoni haisikiki. Neva haziuliwi, kwa hiyo hakuna seli iliyopasuka ya kuita walinzi. Hata ule ukuta wa mishipa ya ubongo unabaki umefungwa, seli T haziingii. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi 2 hadi 3, wakati mwingine wiki tu, na muda wote huo mtu anacheza. Dalili zikija, kingamwili nazo ndiyo kwanza zinaanza kuonekana, na hapo karibu hakuna aliyewahi kupona.

Kwa hiyo mkimbizano uliopo ni huu: chanjo inaufundisha mwili kutengeneza kingamwili, kazi ya wiki moja hadi mbili, na kirusi kiko njiani. Ile sindano ya kidondani ni kingamwili za kuazima, za kukizuia mlangoni wakati za kwenu zinapikwa. Ndicho alichokifanya Louis Pasteur kwa chanjo yake tarehe 6 Julai 1885 kwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa: alikiwahi kirusi njiani. Mtoto akaishi.

Duniani ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, na wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15, kwa sababu mtoto anacheza na mbwa na pengine haambii mtu. Karibu wote wanaupata kwa mbwa. Jirani zetu wa Serengeti walishaonyesha kwamba ukichanja mbwa kwa wingi, watu wanaoumwa na mbwa wenye kichaa wanapungua. Lengo ni mbwa 70 katika kila 100. Siku gari la chanjo ya mbwa likipita mtaani, funga mbwa wako kamba umpeleke.

Mwambie bibi shikamoo, hakufanya kwa ubaya.

KijanaBuzuruga

Tumetoka. Tuliosha kama ulivyosema, alilia sana. Kapata sindano ya kwanza ya chanjo na ile ya kidondani, tumeandikiwa tarehe za kurudi. Bibi ameitikia marahaba, anasema Mungu akubariki.

FundiDarubini

Amina. Tarehe zote hizo, hata kidonda kikikauka. Msiruke hata moja.

MzeeWaMagu

Wanangu, naomba ufafanuzi. Kaka yangu aligundulika na VVU akiwa amechelewa sana, kinga imeshuka. Akaanza dawa za kufubaza. Wiki ya tatu kichwa kikamuuma, akachanganyikiwa, akafariki. Ukoo mpaka leo unasema dawa zilimuua, na wawili wamezikataa. Ni kweli?

FundiDarubini

Shikamoo mzee, na pole sana.

VVU vyenyewe huingia ubongoni mapema, vikiwa vimejificha ndani ya chembe nyeupe, ambazo zina ruhusa ya kupita ukutani, kisha vinakaa ndani ya maikroglia. Lakini kwa mtu aliyechelewa, wakati kinga iko chini, wadudu wengine nao wanajikalia ubongoni kimya, mwenyeji hana nguvu ya kuwapigia kelele. Mwaka wa kwanza wa kazi nilishtuka kukuta maji ya mgongo yenye fangasi wengi na chembe nyeupe mbili tu. Mtu kama huyo akianza dawa, kinga inaamka, inakuta nyumba imejaa wageni, na vita vinaanza kwa mkupuo. Uvimbe unapanda. Dawa zimefanya kazi yake, zimelirudisha jeshi. Jeshi ndilo limekuta hali mbaya.

Hili lilipimwa Uganda na Afrika Kusini, matokeo yakatoka mwaka 2014. Wagonjwa wenye VVU na fangasi wa uti wa mgongo waliogawiwa dawa za kufubaza mapema, 45 katika 100 walifariki ndani ya miezi 6. Waliosubirishwa kama wiki 5, fangasi akitibiwa kwanza, walikuwa 30. Ndiyo maana siku hizi anayeanza dawa kinga ikiwa chini hupimwa fangasi huyo kwanza.

Mzee, kilichomwondoa kaka yako ni kuchelewa, na kitu ambacho pengine kilikuwa kichwani kabla ya kidonge cha kwanza. Hao wawili waliokataa wako kwenye hatari ile ile, na kila mwezi inakua. Waambie waende wakiwa bado wanatembea wenyewe. Ukipenda niandikie pembeni, nitaongea nao kwa simu.

MzeeWaMagu

Marahaba. Nitakuandikia leo. Mmoja ni mke wake.

BintiSengerema

Swali la mwisho mkuu. Wangu ana mwaka na nusu, chanjo ya surua ya miezi 9 alipata, ya pili nimechoka foleni. Surua nayo hufika ubongoni?

FundiDarubini

Hufika, na kwa njia mbili mbaya. Kwa mtoto mmoja kati ya 1,000 hivi wanaougua surua, ubongo unavimba siku chache baada ya vipele, na mara nyingi ni kinga yenyewe iliyochanganyikiwa ikashambulia utando wa neva. Nyingine ni adimu zaidi lakini inatisha: kirusi kinabaki ubongoni miaka 6 hadi 10 kikijibadilisha, kingamwili zimejaa lakini hazikimalizi, kisha mtoto wa shule anaanza kuanguka na kusahau, na haponi. Ile ya miezi 18 ndiyo yako sasa. Nenda asubuhi mapema, foleni huwa fupi.

NesiWaZamu

FundiDarubini, na yule wa Igombe yukoje?

FundiDarubini

Nilimwona Jumamosi mwaloni, nilikwenda kununua dagaa nikampitia mama. Anameza dawa za kifafa kila jioni, hajaanguka tena. Mama nilimweleza ile ya vijia na nyasi, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe anajua, ila hafiki." Sasa anamtuma kitu kimoja kimoja, na anamtamkisha kwanza kabla hajaondoka. Nikiwa pale alimtuma chumvi. Mtoto akaenda akirudia chini chini, chumvi, chumvi, chumvi, akakanyaga nyavu zilizoanikwa, akarudi na chumvi na mia mbili ya chenji. Mama aliihesabu mbele yake, ilikuwa sahihi.